Nilimkatalia Askari Buti la Gari, Sasa Wananipigia Makofi

Bi. Corinne,

Naiandikia safu yako ya ushauri gazetini nikiwa nimeegesha gari nyuma ya maktaba ya mji wetu, vioo vyote nimepandisha, kwa sababu nyumbani mume wangu atachungulia begani kwangu, na hapa angalau naweza kusema ukweli bila kuona uso wake. Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo mimi niite Ardis.

Nina miaka sitini na nne, nilipika chakula cha shule kwa miaka ishirini na sita huku kusini mwa Minnesota, na ukimsimamisha mtu yeyote katika wilaya yetu ukamuuliza nani anaoka pai nzuri ya matufaha atanitaja mimi kabla hujamaliza swali, sisemi kwa majivuno, ndivyo ilivyo, au tuseme ndivyo ilivyokuwa, maana tangu majira ya baridi ya mwaka juzi vidole vyangu vimevimba viungo kiasi kwamba siwezi kusukuma unga hata wa pai moja bila machozi kunitoka, na badala ya kumwambia mtu nikaanza kwenda kwenye duka la mikate la mji mwingine, mwendo wa saa nzima, ambako hawanijui, nikawa nanunua pai zao, nazitoa kwenye maboksi, nazihamishia kwenye vyombo vyangu vya kioo, nazikwaruza kingo kwa uma zionekane za mkono, nazipaka siagi na kuzirudisha kwenye oveni dakika kumi ili nyumba inukie. Miaka miwili, Bi. Corinne! Mume wangu Verlyn hajui, maana kutwa yuko shambani na mahindi yake, na akirudi anakuta harufu, anatabasamu, ananawa mikono.

Sasa ikafika Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, kesho yake ni mauzo ya kanisa ya kutafuta pesa za paa, na mimi nilikuwa narudi na pai kumi na mbili ndani ya buti nimezifunika blanketi, simu ikalia. Alikuwa Lavonne, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, anasema yuko kwa daktari wa macho, ametiwa dawa, haruhusiwi kuendesha, nimpitie. Ningesema nini? Nikampitia. Akapanda amevaa ile miwani myeusi ya plastiki wanayowapa bure, haoni mbele wala nyuma lakini mdomo uko salama kabisa, na hatujamaliza hata shamba moja la soya, nikaona taa za polisi zinawaka nyuma yangu.

Askari alikuwa mwanamume wa makamo, mgeni katika wilaya yetu.

"Habari za asubuhi, mama. Unajua kwa nini nimekusimamisha?"

"Sijui, afande."

"Taa yako ya breki ya kushoto haiwaki. Naomba leseni na kadi ya bima."

Nikampa, lakini vidole vilivyo, na hofu niliyokuwa nayo, kadi ikaniponyoka mara mbili, na jasho linanitiririka wakati nje kuna ubaridi, na yeye ananitazama tu. Akauliza tunatoka wapi, Lavonne akamjibu kwa kirefu mpaka jina la daktari. Akauliza kwenye buti tumebeba nini. Nikasema, "Mablanketi tu."

"Una tatizo nikitupia jicho mara moja? Dakika mbili, halafu mnaenda zenu."

"Mfungulie, mwenzangu," Lavonne akasema. "Sisi wanawake wa kanisa tuna nini cha kuficha?"

Hapo akilini nilimwona kabisa askari akifunua blanketi na kusema kwa sauti ile ya kiaskari, mama, hizi pai kumi na mbili za dukani ni za nani, na Lavonne, haoni lakini anasikia, amekaa pale pale.

"Hapana, afande," nikasema. "Sikubali."

"Ardis!" Lavonne akavua miwani.

"Mama, kama huna cha kuficha, kwa nini unakataa?"

"Kwa sababu ni gari langu na buti ni langu, na wewe umenisimamisha kwa ajili ya taa, hukunisimamisha kwa ajili ya buti."

Maneno hayo sijui yalitoka wapi, nakuapia. Akauliza tena kwa upole, nikakataa tena. Akarudi kwenye gari lake, akakaa, akaja na karatasi ya onyo. "Itengeneze taa hiyo, mama. Safari njema." Akaondoka. Hakunitukana wala hakunifokea, hilo lazima niliseme.

Lavonne akarudisha miwani yake, akanigeukia.

"Umebeba nini huko nyuma, Ardis?"

"Mablanketi."

"Ya nani? Ya shetani?"

Alipofika kwake akampigia simu mpwa wake, wakili wa Minneapolis, nadhani alitaka kujua kama na yeye atakamatwa, na yule mpwa akamwambia kwamba nilichofanya ndicho anachowabembeleza wateja wake wafanye kila siku na hakuna anayesikia. Basi! Jumapili habari ilikuwa imekua, askari wamekuwa wawili na mbwa ameongezwa. Baada ya ibada, kwenye kahawa, watu walinipigia makofi. Mchungaji alinishika mkono akasema hajui kama yeye angethubutu. Na dada wa maktaba ameniomba nizungumze Alhamisi ijayo juu ya haki za dereva barabarani, tangazo limebandikwa mpaka kwenye mlango wa posta, lina jina langu.

Wapo pia wanaonong'ona kwenye kituo cha mafuta kwamba Ardis lazima anauza vidonge. Hao naweza kuwavumilia. Nisiyeweza kumvumilia ni Verlyn, ambaye hakusema kitu siku tatu, halafu juzi wakati wa chakula akaweka kijiko chini akasema, "Askari umemkatalia, sawa. Na mimi pia unanikatalia?" Nikasimama nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Niambie, Bi. Corinne. Je, nilimkosea yule askari, niende nikamwombe radhi? Na nitasimamaje mbele ya watu kufundisha haki, wakati mimi sikutetea haki yoyote, nilikuwa naficha pai?

Mpika Pai Asiyepika

*

Mama Pai,

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri unisikilize.

Kwanza askari. Hukumkosea, na usithubutu kwenda kumwomba radhi. Alikuomba ruhusa, na mtu akiombwa ruhusa ana majibu mawili, si moja. Wewe unadhani haki yako ilikuwa ya uongo kwa sababu ulichoficha kilikuwa cha kuchekesha. Sivyo hata kidogo. Niliishi na wakili miaka kumi na tisa kabla hatujaachana, na mambo mengi aliyoyasema mezani nimeyasahau kwa furaha, ila hili nimelishika: haki ya kukataa kupekuliwa haikuulizi sababu. Awe na pai, awe na barua za mapenzi, awe na buti tupu linalonuka samaki, dereva anaweza kusema hapana, na hapana hiyo peke yake si ushahidi wa kosa lolote.

Lakini usivimbe kichwa, maana kuna mahali uliharibu. Ulisema "mablanketi tu." Huo ni uongo, na kumdanganya askari kunaweza kukuingiza kwenye shida ambayo pai zenyewe zisingekuingiza. Ungeweza kusema, "Afande, swali hilo nisingependa kulijibu." Kunyamaza unaruhusiwa. Kudanganya usirudie.

Alhamisi utakwenda, na utawaambia watu mambo yenye faida badala ya kuwasimulia ulivyokuwa jasiri. Waambie gari likisimamishwa mikono ikae kwenye usukani, ionekane, na leseni, kadi ya gari na bima zitolewe bila ubishi, maana hizo haziombwi kwa hisani. Askari akikuambia ushuke, shuka. Akiomba kupekua, mjibu kwa maneno ya wazi, "Sikubali gari langu lipekuliwe," kwa sababu kuinua mabega au kusema "haya, mimi sijui" kunaweza kuhesabiwa kuwa umekubali. Ukishakubali halafu ukabadili mawazo, sema hivyo hivyo kwa sauti. Kisha uliza kama uko huru kwenda. Na wasije wakadhani neno hilo ni la uganga: askari akiona chupa ya pombe iliyofunguliwa juu ya kiti, au akiwa na sababu nyingine ambayo sheria inaitambua, atapekua bila ruhusa yako. Hata ukiona hana sababu, usimzuie kwa mwili, usimguse, usifunge buti kwa ubabe. Rudia kwamba hukubali, angalia, kumbuka, ubishi upeleke kwa hakimu. Kwa mengine wamuulize wakili, na wewe unaye mmoja wa bure, mpwa wa rafiki yako. Mpigie kabla ya Alhamisi ili usifundishe mambo ya kubahatisha.

Haya, tumemaliza ya barabarani, tuje ya nyumbani, na hapa sitakubembeleza.

Askari hana haki ya kujua kilichomo kwenye buti lako. Mume wako anayo. Umechanganya watu wawili, mama. Neno ulilomwambia mgeni mwenye bastola kiunoni umemrudishia mwanamume anayenawa mikono na kukaa mezani akisubiri kuambiwa. Swali alilokuuliza lilimgharimu siku tatu za kunyamaza, na wewe ukaenda kuosha sufuria! Kuna watu wanaoandika hapa kila wiki wakiomba waume zao waulize swali moja kama hilo.

Na hao waumini wanunuzi umewauzia pai ya dukani kwa jina la mikono yako. Makusudi yalikuwa mema, paa linavuja, nakubali, lakini wamedanganywa, na mwenyekiti wao alikuwa amekaa kiti cha mbele cha gari lako.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha jioni, mwonyeshe Verlyn mikono yako kwanza, pai baadaye. Kesho nenda kwa Lavonne, mwambie mwenyewe, mvumilie atakaposema. Wiki hii hii kamwone daktari wa viungo, maana miaka miwili ya kulia juu ya unga ni ukaidi mtupu. Na hiyo taa ya breki, umeshaitengeneza? Nilijua. Anza na hiyo.

Corinne

*

Barua ya pili ilitufikia baada ya wiki tatu. Mwenyewe ameruhusu tuichapishe.

Bi. Corinne,

Taa nimetengeneza.

Verlyn nilimwonyesha mikono kama ulivyosema. Aliishika, akaigeuza, akauliza tangu lini, nikamwambia. Habari ya pai nadhani hata hakuisikia. Alichosema ni, "Miaka miwili unanifungulia chupa za achari, na mimi nimekaa hapo nakutazama?" Akatoka nje, akakaa ghalani muda mrefu, akarudi macho mekundu, na tangu siku hiyo hakuna kifuniko ndani ya nyumba hii ninachoruhusiwa kukigusa. Daktari amenipa dawa. Zinasaidia kidogo.

Lavonne hakupokea vizuri. Alisema pai za mwaka jana alizisifia mbele ya askofu. Alisema, "Ningekusukumia huo unga mimi, mjinga wewe, mikono yangu ina ubovu gani?" Akafunga mlango. Siku nne hakupokea simu. Siku ya tano akaja amebeba mfuko wa unga na aproni yake, akasema nimwelekeze na nisimkaripie, basi nikamkaripia, tukaoka mbili. Ya kwanza ilikuwa kama ubao. Kwenye mauzo yajayo tutaandika majina mawili kwenye karatasi, na Jumapili iliyopita, baada ya ile Alhamisi ya maktaba, waumini nimewaambia kwa nini. Wengine walicheka, mmoja amedai arudishiwe pesa zake, nikamrudishia.

Alhamisi maktaba ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye rafu za vitabu vya bustani. Nilisoma yale uliyoniandikia pamoja na ya yule wakili, nikawafanya waseme wote kwa sauti moja, "Sikubali gari langu lipekuliwe," na mzee mmoja akaomba turudie kwa sababu ilimfurahisha. Yule askari pia alikuja, amevaa nguo za kiraia, akakaa nyuma. Nilipomaliza aliinua mkono akasema niliyoyasema ni sahihi, na kwamba angependa watu wasimchukie akiuliza, kwa sababu kuuliza ni kazi yake. Nikamjibu simchukii, naye asinichukie nikikataa. Watu wakacheka, naye akacheka.

Kisha Harlan wa kituo cha mafuta akasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni. "Yote tumesikia, Ardis. Lakini tuambie ukweli. Kulikuwa na nini kwenye buti?"

Nilikuwa tayari kumjibu, kweli kabisa. Nilishafungua mdomo. Lavonne akawahi kusimama kutoka safu ya mbele, akamgeukia.

"Kaa chini, Harlan," akasema. "Saa nzima umefundishwa, na bado unauliza?"

Ardis