Zamu Ilikuwa ya Nathan

Jumanne, 3 Agosti 1993

Mzee Mughwai wa Mtinko amekuja. Nimemkuta barazani nilipotoka shule, chaki bado mikononi. Ni baba yake Simoni, kijana aliyekufa vitani mwaka 79 akiwa kwenye kombania ya mume wangu. Amezeeka sana. Anatembelea fimbo.

Anasema mkewe hajakubali tanga lianuliwe mpaka leo. Miaka kumi na minne! Maiti haikuletwa, ilizikwa hukohuko Kagera, wao wakapata karatasi. Mama Simoni anasema karatasi haikumchukua mwanawe. Aliyempokea mkono kwa mkono mbele ya watu ndiye aje aseme alikufaje. Wanamwomba Zefania, mume wangu, aje Jumamosi ya wiki ijayo.

Zefania alimsikiliza ameinamisha kichwa, akajibu atafikiri. Atafikiri nini? Meja mstaafu mzima, watu wa vyama vipya wanampigia hodi kila wiki wakitaka jina lake, anaogopa bibi wa Mtinko.

Jumatano, 4 Agosti

Leo darasani watoto wananakili, mimi nawaza mwaka 78. Zefania, wakati ule kapteni, ndiye aliyeomba mwenyewe vijana wa nyumbani wawekwe kwenye kombania yake. Alisema atawaangalia kuliko ofisa mgeni. Wazazi wakapanga foleni. Kila mama anashika mkono wa mwanawe, anauweka kwenye mkono wa Zefania. Mimi nilimkabidhi mdogo wangu Nathan hivyohivyo, maana mama yetu alikuwa ameshafariki.

Angekuwa ofisa wa Tanga au Songea, nani leo angemfuata kumdai maneno? Alijitakia. Nimemwambia hivyo wakati wa chakula. Nikamwambia aende, akae chini, aseme. Ninyi wakubwa mnajua kuchukua tu, kurudisha hamjui. Hakumaliza ugali.

Ijumaa, 6 Agosti

Hatusemeshani. Amefagia uwanja mara mbili.

Jumapili, 8 Agosti

Sijui nianze wapi.

Tulipotoka kanisani nilimwanza tena. Kwamba nimeona aibu kukaa benchi moja na watu wa Mtinko, kwamba mke wake ndiye anayetazamwa. Yeye akaingia chumbani, akafungua sanduku lake la bati, akanipa barua. Mwandiko wangu! Karatasi imechakaa kwenye mikunjo. “Baba Ritha, nakuomba kwa jina la marehemu mama yangu, Nathan usimtangulize mbele. Nimebaki naye huyu tu.”

Niliisahau. Namwomba Mungu anisamehe, niliisahau kabisa.

Akasema taratibu, kama anayesoma ripoti. Kulikuwa na daraja. Lazima mtu atangulie kulikagua. Wawili walikuwa wanapokezana, Nathan na Simoni, na asubuhi ile zamu ilikuwa ya Nathan. Barua ilikuwa imefika siku mbili kabla, iko mfukoni. Akamwita Simoni. Kijana hakuuliza. Alikabidhi sufuria ya chai kwa mwenzake, akaenda. Bomu lilikuwa limefukiwa mwanzoni tu mwa daraja.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema, ningekuambia ili iweje, tuwe wawili?

Miaka kumi na minne nimemwona mgumu, hana moyo, hataki hata kupita barabara ya Mtinko. Nimemsema mbele ya wanawe.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimepita dukani kwa Nathan hapa Utemini. Alikuwa anafungua belo la mitumba, anacheka na wateja. Mzee Mughwai alimpitia naye, kwa hiyo anajua habari ya mwaliko. Atatupeleka na pikapu yake. “Dada, mimi lazima niwepo. Zamu zilibadilishwa tu siku ile, si ningekuwa mimi?” Anasema hivyo kila mara, kama mtu anayesimulia bahati. Mwanawe wa kwanza alimpa jina la Simoni.

Habari ya barua haijui. Nikanunua gauni ambalo silihitaji, nikaondoka.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimefanya jambo baya. Nimeandika ili nisijidanganye baadaye.

Zefania ameamua kwenda, na ameamua kusema yote. Barua ameitia kwenye mfuko wa koti. Nilipokuwa napiga pasi shati lake nikamwambia, sema tu zamu zilibadilishwa, kwani ni uongo? Barua usiitaje. Nathan atajisikiaje? Na yule mama ataniangaliaje?

Akasema, “Kwa hiyo unaniandikia barua nyingine.”

Nimeliunguza shati kwenye kola.

Jumamosi, 14 Agosti. Mtinko

Naandikia ndani ya pikapu. Nimesingizia kichwa.

Watu wamejaa uwanjani, wamekalia mikeka na magunia ya alizeti. Tumekula kwanza, maana Mama Simoni amesema habari ya kifo haipokelewi na mgeni mwenye njaa. Kuku watatu wamechinjwa. Alimnawisha Nathan mikono mwenyewe, akasikia mtoto wa huyu naye anaitwa Simoni, akalia, akamwita mwanangu. Nathan naye akalia. Niliangalia pembeni.

Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayetafuta mwenzake: na wewe mama, ulikuwa na nani kule vitani?

Nikajibu, mume wangu.

Nathan alikuwa amekaa pale pale, nikajibu mume wangu. Mama Simoni akanipapasa goti. Akasema pole, nawe ulilala macho.

Hapo ndipo nikasema kichwa kinaniuma, nikaja kwenye gari.

Sasa Zefania amesimama. Amevua kofia. Namwona kupitia kioo, mkono uko kwenye mfuko wa koti lakini haanzi kusema. Kila mtu anangoja. Nilidhani anatafuta maneno, kumbe Mama Simoni amemzuia. Anapita katikati ya watu, anakuja huku kwenye gari, kigoda ameshika mkononi. Anasema kwa sauti, wote wanasikia, kwamba hawezi kusikia habari ya mwanawe wakati mke wa mkubwa yuko peke yake na maumivu.

Anasema kigoda hiki atakiweka karibu na chake, nikae naye. Ananinyooshea mkono nishuke. Naweka kalamu.