Sauti ya Chumba cha Pili

Wambui wangu,

Habari za huko Membley? Sisi hapa Kiganjo hatujambo. Goti langu limepoa, na mamako aliniletea ndizi Jumapili. Umeniuliza ninawezaje kusoma Biblia kila siku, maana wewe unaanza Januari na kufikia Februari umeacha.

Nilipopata kazi kiwandani, nilikodi chumba Makongeni na mdogo wangu Njeri. Vyumba havikuwa na dari, kwa hivyo ukikohoa, wapangaji wote wa ploti wanasikia. Jirani yetu, mjane mmoja, alisoma sura moja kwa sauti kila alfajiri akingoja chai ichemke. Miaka miwili mimi nilijifunika blanketi nikinung'unika.

Kisha akafa. Tulimzika Ijumaa. Jumatatu alfajiri nikasikia sauti inasoma, ikiendelea pale pale alipoachia. Nikakimbia nje. Nilipofika mlangoni kwake, kimya. Kufuli lilikuwa limefungwa.

Nikarudi ndani. Njeri, bado kitandani, akaniuliza, "Mbona umenyamaza? Si umalize hiyo sura."

Wambui, sikuwa na Biblia. Niliinunua jioni hiyo, nikaitafuta ile sura, na maneno yalikuwa yale yale.

Kwa hivyo soma kwa sauti, mama, hata kidogo tu, chai ikichemka. Usijilazimishe sana. Iko asubuhi moja mdomo wako utaanza kabla wewe hujaamka.

Ni mimi nyanya yako, Cucu, ambaye sijui leo nilianzia mstari upi.