Pampu ya Ipyana na Mwavuli wa Babu

Alhamisi. Mvua imenyesha asubuhi nzima, mchana ikabaki ile ya rasharasha ambayo hapa Kyela hatuiiti mvua. Shajara yangu, leo nimejaa mshangao.

Nianze na Mama.

Tangu nikiwa mdogo Mama alifanya kazi Dar es Salaam, katika kiwanda cha tochi. Mimi nimelelewa hapa kijijini Ipyana na Babu na Bibi, wazazi wa Baba. Mwaka jana wenye kiwanda waliihamishia kazi ng'ambo, kwa sababu huko tochi hutengenezwa kwa gharama ndogo. Mama na wenzake wakabaki nje ya geti. Ndipo serikali ikatangaza kwamba anayetaka atasomeshwa ufundi bure, na akifaulu atapewa sanduku la zana na kazi katika wilaya ya kwao. Wanawake wengi walichagua kushona. Mama alichagua pampu za maji.

Leo ulikuwa mtihani wake wa mwisho: kufufua pampu ya mkono ya kijiji chetu. Ilikufa zamani, nasi tunachota mtoni. Juzi Mama aliniambia, akiwa anachambua mchele, kwamba akishindwa atarudi Dar kutafuta vibarua. Nikachukua ndoo nikaenda mtoni. Nimeishi naye miezi michache tu na bado ninamwonea haya kidogo, kama mgeni.

Sitaki aondoke.

Sasa nieleze tatizo. Babu ni mwenyekiti wa kamati ya maji, na kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake. Familia nyingi zimelegeza desturi hiyo. Yetu haijalegeza. Mama akimwona Babu kwa mbali, huingia migombani mpaka apite. Kwa hiyo ilipangwa makamu wa Babu ndiye aje kuipokea pampu. Lakini makamu alipata msiba kijiji cha Talatala, ikabidi Babu aje mwenyewe, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Mama.

Mama alikuwa amekwisha kufungua kichwa cha pampu Babu alipotokea barabarani na mwavuli wake. Spana ilianguka. Mama akajifunika kanga kichwani, akatoweka migombani.

Mkaguzi aliyeletwa kusimamia mtihani alikuwa mgeni wa huku, kutoka mbali. Alidhani mtahiniwa wake ameogopa mtihani.

"Mama, ukikimbia nitaandika umeshindwa," alisema akiielekea migomba.

"Hakukimbii wewe, bwana," jirani yetu Mama Tumaini akamwambia. "Huyo anayekuja ni mkwewe."

"Sasa mkwe anauma?"

Watu wakacheka sana. Mimi sikuweza. Mkaguzi alieleza, kwa upole kabisa, kwamba fundi asipoitengeneza mbele ya mwenyekiti, hana namna ya kumfaulisha. Chini ya majani ya migomba niliiona miguu ya Mama, imejaa tope, haisogei. Niliona basi la Dar. Nililiona kweli, kama lipo mbele yangu.

Babu alisimama pale pale barabarani. Alitazama pampu iliyofunguliwa na spana iliyolala chini. Halafu akatupa mgongo, akakaa juu ya jiwe, na mwavuli wake mkubwa mweusi akauegemeza begani, ukamfunika kuanzia kichwa hadi kiuno.

"Mjukuu wangu," aliita. "Mwambie fundi aendelee na kazi. Mimi nina masikio."

Fundi! Miaka yote Babu hajawahi kumtaja Mama mbele yangu kwa neno lolote.

Mama akatoka. Mikono ya Mama naijua inavyomenya ndizi, lakini sikujua kwamba inaweza kulivuta bomba refu kutoka ardhini, kipande baada ya kipande, akina mama wengine wakimshikia. Alipiga magoti kwenye tope, akatoa mipira iliyochakaa, akaweka mipya, akarudisha kila kitu mahali pake. Hakumwuliza mtu.

Kisha akaanza kupampu. Mpini ulilia, maji hayakutoka. Akapampu tena mpaka jasho likachanganyika na rasharasha. Mkaguzi akaitazama saa yake.

"Mwambie bado yanapanda," Babu akasema nyuma ya mwavuli. "Asiache."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Mama alikuwa amesikia, na hakuacha. Bomba likakohoa, likatema maji ya rangi ya kutu, kisha yakaja meupe, mengi, yakamwagika miguuni mwetu. Vigelegele vilipigwa hadi watu wakaja mbio kutoka mashambani.

Mkaguzi alisema mwenyekiti sharti aone. Babu akajibu kwamba amesikia yakimwagika, aletewe anywe. Nilimpelekea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa chote.

"Mwambie mgeni kijiji kimepokea." Kisha, polepole zaidi, "Na mwambie fundi, ndaga fijo."

Hiyo ni asante sana kwa Kinyakyusa. Nilipogeuka, Mama alikuwa amekwisha kupiga magoti, ameuelekea ule mwavuli.

Sanduku la zana sasa liko mvunguni mwa kitanda chake. Rafiki yake aliyechagua kushona bado anangoja cherehani, na Mama anamhurumia. Lakini nafikiri: kuna mtu nisiyemjua, katika ofisi nisiyoijua, aliyekaa akawawaza watu waliofungiwa geti, na wazo lake likasafiri hadi hapa. Je, anajua kwamba leo Ipyana tumekunywa maji?

Mama anabaki. Mama anabaki.

Kesho nitaamka mapema nikachote, ingawa ndoo zote nyumbani zimejaa.