Mama Aliyetundikwa Nje

Oslo, 4 Oktoba 1931

Dada Borghild,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo. Na goti lako je?

Nina ombi. Maonyesho yangu makubwa ni mwezi wa Mei, na picha ya Mama iliyo sebuleni kwako ndiyo nataka ikae mlangoni. Tatizo niliichora ujanani, nikitaka kuwapendeza watu: mashavu mekundu, macho maangavu. Uongo mtupu. Itundike nje, ukutani kwa banda la ng'ombe, majira yote ya baridi. Siku hizi picha zangu zote humalizika hivyo. Mvua na theluji hula kilichozidi. Usiipanguse.

Kaka yako,
Eilert

Smøla, 19 Oktoba

Kaka Eilert,

Barua nimeipata. Goti linauma, ng'ombe hawajambo. Hivi una wazimu? Sina picha nyingine ya Mama. Sitaki.

Dada yako,
Borghild

Oslo, 2 Novemba

Dada yangu,

Pole na goti. Nakuomba tena, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Wakiiona ilivyo watasema nilikuwa fundi wa kupamba makopo ya biskuti. Nina miaka sitini na moja. Maonyesho mengine sitapata.

Kaka yako,
Eilert

Smøla, 20 Aprili 1932

Kaka Eilert,

Natumaini kifua kimetulia. Huku theluji imeisha.

Niliitundika, kwa kukuhurumia tu. Jirani yetu Peder kila akipita: "Borghild, siku hizi unamwanika mama yako?" Nikamwambia, "Nenda zako, mzee, mashati yako hayajaona kamba tangu Krismasi." Lakini Januari nililia kila nikienda kukamua.

Jana nimeiingiza ndani. Ulisema kweli. Wekundu umekwisha, rangi ya mdomo imebanduka, jicho moja limezama. Ni Mama wa wiki zile za mwisho, nilipokuwa nikimlisha uji kwa kijiko, na wewe uko Paris. Hata kumzika hukuja. Sura hii hujawahi kuiona, Eilert, na bado nina hasira.

Watu wako wa maonyesho walikuja na sanduku la kuibebea picha. Nimewarudisha mikono mitupu. Haiji huko.

Dada yako,
Borghild

Oslo, 29 Aprili

Dada,

Sijambo. Pale mlangoni nimeacha ukuta mtupu, na wenye maonyesho wamenikasirikia. Naweza kuja kumwona?

Eilert

Smøla, 6 Mei

Kaka,

Njoo. Brashi uziache huko huko.

Dada yako,
Borghild