Simu Nimeifungia Sandukuni, Lawama Nimemwachia Mume Wangu

Bi Mwanarehema mpendwa, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Junda huku Kisauni, nauza viazi karai mbele ya nyumba, na nakuandikia nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, kwa sababu nimetoka kwenye jambo lililokuwa likinimaliza, nimepumua, lakini kuna mtu nimemwachia mzigo wangu, na mtu huyo ni mume wangu, Kadenge. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Ugonjwa wangu ulikuwa simu. Usidhani nilikuwa na mwanamume humo ndani, la, mimi nilikuwa nataka habari tu, habari ya kila kitu na kila mtu, nilikuwa kwenye kundi la kanisa, la chama chetu cha kuweka akiba, la wazazi wa shule, la ukoo, la majirani wa Junda wanaoambiana maji yamefunguliwa upande gani, la watu wa dawa za mitishamba, na mengine ya siasa ambayo hata sijui nani aliniingiza, na nikitoka huko naingia kwenye video, nikitoka kwenye video nasoma maoni ya watu wanavyotukanana chini yake, naona nikiacha nitapitwa. Nilijua mafuriko ya nchi ambazo siwezi hata kuzitamka, nilijua msanii fulani amegombania nini na mkewe, nilijua kitunguu kimefika bei gani Arusha, na mwanangu Judy akang'oka jino la mbele, jirani yangu Margret ndiye aliyeniuliza, "Mama Judy, lile jino mlilirusha juu ya paa?" nikamwuliza jino lipi, kwa maana sikuwa na habari. Viazi vilikuwa vinaungua kwenye karai na mimi nimevisimamia. Kichwa kilijaa hadi nikiulizwa jambo dogo, kama chumvi iko wapi, naona nachokozwa.

Sasa mdogo wangu Mweri akapata mchumba, Musyoka, kijana wa Kikamba anayefanya kazi godauni huko Changamwe, mpole, ana adabu zake, na wazee wake wakasema wanakuja Jumamosi kutoa mahari. Baba yetu alishafariki. Kwetu sisi Wagiriama mahari haipokelewi mjomba hayupo, na mjomba haitwi kwa simu, hufuatwa kwake, mnakaa, mnasalimiana mpaka salamu ziishe, ndipo anaambiwa kwa mdomo, na hapo ndipo anajua ameheshimiwa. Mama akanituma mimi, mtoto wa kwanza, niende Kaloleni kwa Mjomba Boga. Bi Mwanarehema, nilioga, nikavaa, nikajifunga leso, nikakaa kitandani nisome ujumbe mmoja tu kabla ya kutoka, na nilipoinua kichwa jua lilikuwa limegeuka, nikasema nitaenda kesho, na kesho yake ikawa vilevile, mwisho nikaona ya nini kusumbuka, nikaandika kwenye kundi la ukoo, "Mjomba, Jumamosi tunakungoja Junda, ni mahari ya Mweri," nikaweka na maua, nikaangalia waliosoma, nikaliona jina lake, nikatulia. Kumbe simu yake hushinda kwa wajukuu wakichezea michezo.

Jumamosi wageni wakafika na mbuzi, kreti za soda na mtungi wa pombe ya mnazi walioutafuta ili kutuheshimu, wazee wa Kikamba wamevaa makoti joto lote lile, wakakaribishwa, wakaketi, halafu wazee wetu wakaanza kutazamana, Boga yuko wapi? Mmoja akampigia, akaweka sauti ya wote kusikia, na mjomba akasema, "Mahari ya nani? Ya Mweri? Mpwa wangu anaozwa na mimi nasikia kwa simu?" Akakata. Mweri akaanza kulia huko ndani, wageni hawajui waondoke ama wabaki, na mama akanigeukia mbele ya kila mtu, "Eddah, si nilikutuma wewe?" Nami nikasema, wala sijui neno lilitoka wapi, "Nilimtuma Kadenge."

Kadenge alikuwa amebeba viti. Alinitazama, akaviweka chini, akasema, "Ni kweli wazee wangu, nilizembea mimi, naomba radhi," akakodi bodaboda akamfuata mjomba mwenyewe, akasemwa huko Kaloleni, akasemwa na njiani, wageni wakangoja mpaka alasiri, akarudi naye. Mjomba akamtoza faini ya jogoo na mtungi wa mnazi, ndipo akakubali kuketi, mahari ikapokelewa, vigelegele vikapigwa, nami nikakimbilia jikoni nikalia kwa kumshukuru Mungu, kwa sababu nilishaona ndoa ya mdogo wangu imevunjikia mikononi mwangu.

Siku ileile simu kubwa niliitia sandukuni nikafunga, laini nikaihamishia kwenye kabambe, kisimu cha vibonye kisicho na chochote. Mwanzo mkono ulikuwa unajiendea wenyewe kifuani kuitafuta, nikawa na hasira, naona dunia inaendelea bila mimi, lakini sasa, Bi Mwanarehema, sijui nikwambie vipi, nimekuwa mwepesi, nalala, viazi vinatoka rangi nzuri mpaka wateja wameuliza nimebadilisha mafuta, na Judy hunikalia hapo karibu na karai akanisimulia mambo ya shule yasiyo na mwisho nami nayafuata yote. Nimepumzika, sikufichi.

Ila sasa wamenijia. Mweri anataka nirudi niongoze kundi la kamati ya harusi, wenzangu wa chama wananiita mshamba, na mimi naogopa nikiishika tena nitazama. Nirudi ama nisirudi? Na kuna jambo lingine dogo, mjomba amesema Kadenge hatauongoza msafara wa kumpeleka bibi harusi Changamwe, ingawa yeye ndiye mkwe mkubwa na ni haki yake, ati ni mtu asiyeweza kutumwa jambo. Kadenge amelipokea hivyo hivyo. Nami naogopa nikisema ukweli mjomba ataivuruga harusi yote. Nisaidie mama yangu.

Eddah, Junda.

Bi Mwanarehema anajibu:

Marahaba, Eddah mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekukasirikia vilevile.

Lakini kwanza nikupe haki yako. Wengi wanaoniandikia kuhusu simu huniandikia wakiwa wameishika mkono wa pili, wanataka niwaambie kwamba si kitu, ni mambo ya siku hizi. Wewe umeifunga mwenyewe bila kuambiwa na mtu, umevumilia zile siku za hasira, umemrudia mtoto wako. Nimefurahi, wallahi nimefurahi, na hapo pa Judy kukaa karibu na karai nimepasoma tena na tena. Huo mkono unaojiendea kifuani usikutishe. Utaendelea kwenda kwenda, halafu utachoka, kwa maana haukuti kitu.

Sasa nitazame usoni. Umeniandikia barua ndefu hivi kuhusu simu, tena kwa madaha, na vitunguu vya Arusha ukavitia, halafu mumeo ukamweka mwishoni kabisa ukamwita "jambo lingine dogo". Dogo kwa nani, bibi wee? Mwanamume amesimama mbele ya wakwe wa Kikamba na wazee wa Kigiriama, akajivika uzembe usio wake ili wewe usiaibike na Mweri aolewe. Amelipa faini yako. Amenyang'anywa msafara. Na kila akipita hapo nyumbani anajua nani alimfanyia hivyo, na bado anakubebea viti. Hujui una mtu wa namna gani, Eddah, na simu haina la kujibu hapo. Simu ilikuchelewesha kwenda Kaloleni, ndiyo. Ule uongo uliusema kwa mdomo wako mwenyewe.

Unaogopa mjomba ataivuruga harusi. Hataivuruga. Mahari imeshapokelewa mbele ya wazee wa pande zote mbili, mbuzi ameshaliwa, na mjomba mwenyewe aliketi akala. Hakuna mzee anayejiheshimu atakayerudisha maneno hayo nyuma kwa kosa la mpwa mmoja aliyekuja mwenyewe kuomba radhi. Atakachofanya ni kukusema. Atakusema sana, atakumbuka na ya utotoni mwako, huenda akakutoza faini nyingine. Wewe kaa, inamisha kichwa, itika abee, mpaka amalize. Hiyo ndiyo bei yake na unaiweza.

Kwa hiyo fanya hivi, tena wiki hii. Leo viazi vikiisha, kabla hujaosha karai, mwambie Kadenge maneno haya: nilikusingizia, naona aibu, naenda kulisema. Usimwulize kama uende. Wanaume wa aina yake watakwambia acha yaishe, nawe utashukuru na kukimbilia hapo hapo. Halafu nendeni Kaloleni pamoja, wewe umebeba jogoo, yeye mikono mitupu. Jogoo huyo ni wa kumrudishia faini Kadenge, umpe mbele ya mjomba ili mzee aone ni nani aliyestahili kulipa tangu mwanzo. Salamu zikiisha, sema wewe. Kadenge akitaka kukusaidia, mwambie anyamaze, amekusaidia vya kutosha. Ukitoka huko umpitie mama yako, umwambie na yeye, kwa sababu alikuuliza mbele ya watu na watu walisikia. Na omba msafara urudishwe kwa mwenyewe. Omba wazi, kwa jina lake, usimwachie mjomba akisie.

Simu sasa. Hiyo si shetani, na huwezi kuishi na kabambe milele wakati shule ya Judy inatuma taarifa zake huko. Lakini usiitoe sandukuni mpaka urudi kutoka Kaloleni, maana nakujua sasa, utakaa kitandani usome ujumbe mmoja tu. Ukiitoa, jitoe kwenye makundi yote ambayo hujui aliyekuingiza. Ya siasa yaage siku hiyo hiyo, hayatakulilia. Dawa za mitishamba, kama huumwi, toka. La shule baki, la majirani baki kwa ajili ya maji, la kanisa na la ukoo baki lakini yanyamazishe yasikulilie kila dakika. Video zifute kabisa. Usinijie na habari ya kuzitazama kidogo kidogo, kidogo chako tumeshakiona. Na uifungue ukiwa umeketi nje pale kwenye karai, mchana, moto ukiwa umeshazimwa, watu wakipita wanakuona. Chumbani isiingie.

Kundi la kamati ya harusi usiliongoze. Mweri ana marafiki tele wenye vidole vyepesi, mmoja wao aandike. Wewe mtoto wa kwanza kazi yako ni ile ile uliyoikimbia, kuwafuata wakubwa majumbani mwao na kuwaambia kwa mdomo. Mashangazi, wajomba, mwenye kiti cha mbele na mwenye kiti cha nyuma, wote wafuate. Utachoka miguu, lakini utashangaa habari unazozipata barazani mwa watu, na zote zinakuhusu. Wenzako wa chama wakikuita mshamba, wauzie viazi.

Umeniambia umekuwa mwepesi, kwamba unalala na kichwa kimetulia. Alhamdulillahi. Sasa nenda ukampumzishe na Kadenge.