Sahani Juu ya Kichanja cha Kahawa

Marahaba, mjukuu wangu Tumaini. Hapa Maguu tu wazima, tunachuma kahawa. Anayeandika ni mdogo wako Rehema; maneno ni yangu.

Unauliza kwa nini baba yako mdogo hataki kuja nawe Krismasi. Wakati wa korona kazi zilifungwa huko Afrika Kusini, akarudi. Alijitenga mwenyewe ghalani. Majirani wakamzomea, "Wewe Korona, rudi ulikotoka!" huku wamejifunika mablanketi aliyowatumia! Nami, mama yake, nilinyamaza. Niliweka ugali wake juu ya kichanja cha kahawa, nikaondoka bila kumwita jina. Siku kumi na nne zilipoisha, akaondoka.

Hasira hainiishi, na kubwa ni juu yangu. Kukaa mbali kulitulinda. Kunyamaza kulimlinda nani? Msomee hapa kwa sauti: Osmundi, mwanangu, njoo nyumbani. Nitakupokea barabarani, majirani wote wakitazama.

Bibi yako