Nimonia Iliyokwenda Kazini

Karakana ya Magodoro,
Chumba cha Nyuma.
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua? Unakula, au bado unaishi kwa chai na mkate kama mgonjwa wa wodini? Sisi miili haijambo. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na siku hizi anazungumza na wanangu kuliko na mimi. Nyumba imekuwa pana mno tangu Baba atutoke.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza mtu anayekwenda kazini kwa miguu yake anakufaje kwa nimonia. Tena unasema ni wewe uliyemuua, kwa sababu nilipokupigia simu uliniuliza kama ana homa kali, nikasema hana. Uliniuliza kama amelala, nikasema yuko karakanani anashona. Ukasema basi hicho kikohozi ni vumbi la pamba tu. Tangu mazishi hupokei simu ya mtu yeyote, ndiyo maana nashika kalamu.

Nakueleza kama daktari alivyonieleza. Nimonia tuliyoijua sisi ni ile yako ya darasa la pili. Ulilala mzima, ukaamka unatetemeka, mwili unawaka moto, kifua kinakuchoma kila ukivuta pumzi, makohozi rangi ya kutu. Kufika jioni ulikuwa huwezi kusimama. Ile haina adabu, inaingia kwa teke, na mwenye macho haambiwi tazama.

Ya Baba wanaiita nimonia ya kutembea. Huanza taratibu kama mafua: koo linawasha, kichwa kinauma, homa ndogo, uchovu, halafu kikohozi kikavu kisichokoma wiki baada ya wiki. Mgonjwa huendelea na shughuli zake, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Vijidudu vyake ni vya aina nyingine. Vile vidonge vilivyokuponya wewe haviviwezi. Vijidudu hivyo vina dawa yake. Daktari alisema wengi hupona, na wengine hata hawajui kama waliugua. Lakini Baba alikuwa na miaka sabini na miwili, na mapafu yaliyovuta vumbi la pamba miaka hamsini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kukohoa. Nimepimwa, nimepewa dawa, nimemaliza dozi, usiwe na wasiwasi.

Unatujua mafundi wa magodoro. Kwetu kikohozi ni sehemu ya kazi kama sindano na uzi, na asiyekohoa tunamwona mgeni. Wiki ya kwanza tulimtania Baba kuwa anakohoa ili akwepe kupiga pamba. Wiki ya pili nikamwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, nikamfunga kitambaa puani, nikajiona nimetibu.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baba alikificha. Alikuwa akiinamisha uso ndani ya godoro ambalo hajalifunga, anakoholea pambani, ili Mama asisikie jikoni. Mimi nilimwona, nikacheka. Nilicheka, mdogo wangu.

Sasa nisikilize, maana hili hakuna anayelijua. Jumanne ile Baba aliweka sindano chini katikati ya mshono. Aliniambia, "Mwanangu, nisindikize hospitali. Leo sijiwezi." Hajawahi kuniomba kitu kama hicho maisha yake yote. Nikamjibu, "Baba, tumalize kwanza hili la nyumba ya wageni, kesho asubuhi twende." Hakubishana. Akaokota sindano yake akaendelea.

Kulipokucha alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta. Jirani yetu dereva ndiye aliyembeba mgongoni hadi garini. Ijumaa akafariki.

Nilimuuliza daktari kama ile siku moja ingemwokoa. Akasema huenda isingebadilisha kitu. Nikamuuliza tena, akajibu vilevile, na bado sijamwamini.

Msibani watu walisema mtoto wa mbali ndiye aliyesema ni pamba, nami nikanyamaza. Nilikuwa naogopa Mama asinitazame tena. Miezi miwili nimekuacha ubebe mzigo ambao ni wangu. Wewe ulijibu kwa nilichokuambia kwenye simu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, sitakulaumu.

Mjomba fundi viatu anakusalimu sana, na shangazi yetu muuguzi, na wanangu wote wawili, mdogo bado anakuita anko wa kwenye picha. Mungu akutulize moyo huko ugenini, akupe usingizi.

Kasirika na mimi, lakini mpigie Mama. Baba, Mama anajua aliko. Wewe, kila siku anauliza kwa nini umemkimbia.

Akupendaye hata ukimnyamazia,
Dada yako.